Kipaza Sauti Kilichozimwa

Ngamiani, Tanga
11 Februari 2024

Mwanangu Wilfred,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, maana uzima wako siku hizi naupata kwa kubahatisha. Sisi wa huku hatujambo. Paa la jikoni linavuja palepale lilipokuwa linavuja ulipokuwa darasa la tano, sufuria ya kukingia maji ndiyo imebadilika. Queen wa duka la kona anakusalimu na anauliza kama umeoa. Nimemwambia bado unakagua. Usharika umenunua kinanda kipya. Watu wanasema kinalia vizuri sana, ila mpigaji ni yule yule, kwa hiyo sijui.

Sasa ya kiwandani. Tumeletewa afisa utumishi mpya, Zabron, kijana aliyeota kitambi kabla ya ndevu. Wiki ya kwanza alibandika tangazo getini: SISI NI FAMILIA MOJA. Elizabeti, mwenzangu wa mashine ya pili, akauliza ni familia gani hiyo inayompekua mama mkoba kila jioni akitoka. Kesho yake tangazo liliwekewa fremu.

Lakini safari hii tumewabana. Mimi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi mwaka wa sita huu, na kwa mara ya kwanza tumeandikisha kitu cha maana kwenye mkataba wa hali bora. Kabla ya Desemba, watu wote wa ukumbi wa kusokota nyuzi tupimwe masikio na daktari wa nje, siyo yule wao ambaye hata ukivunjika mguu anakupa panadol. Atakayekutwa ameharibika alipwe fidia na ahamishiwe kwenye kufungasha kamba, huko kwenye utulivu. Miaka thelathini na moja mashine zile zinanipigia kelele, nami Machi ya mwakani nafikisha sitini. Nataka daktari aandike kilichotokea kabla sijarudisha aproni yao.

Nasikia umebadili kazi. Nimeambiwa na Queen, aliyeambiwa na dada yake wa Dar. Ni kazi gani? Na usinipigie simu. Simu inakata maneno, tena inanifanya nibweke barabarani kama nauza dagaa. Na huo ujumbe wenu wa maneno yaliyonyolewa sitaki kuuona. Andika barua, mpe kondakta wa basi la asubuhi, nitaifuata stendi. Kuandika nilikufundisha mimi kabla ya shule.

Shangazi yako,
Bertha


Dar es Salaam
3 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimecheka sana, hasa hiyo ya kinanda. Mimi ni mzima. Joto la huku linatuua lakini ofisini tuna kiyoyozi, kwa hiyo nafika nyumbani na mafua wakati wenzangu wanafika na jasho. Msalimu Queen. Mwambie ukaguzi unaendelea.

Ni kweli nimehama. Niko kwenye ofisi ya ushauri wa mahusiano kazini. Tunasaidia pande zote mbili, mwajiri na mfanyakazi, kuelewana. Mshahara ni mzuri na nimepewa meza yangu mwenyewe. Nitakueleza zaidi tukionana.

Pamoja na barua hii nimetuma simu ya kisasa, ina kioo kikubwa. Shangazi, dunia imetoka kwenye barua za kondakta. Nimekupigia mara tatu mwezi uliopita na kila nikiuliza jambo unajibu "ndiyo, ndiyo, haya" na kukata. Nilikuuliza kama mafua yamepona, ukasema ndiyo, Jumapili.

Kwa udadisi tu: hapo kiwandani watu wanakionaje chama? Wanalalamikia nini hasa? Wanachama mko wangapi? Mambo haya napenda kuyajua kutoka kwa mtu wa ndani, siyo kwenye vitabu.

Leo kanisani nilimwona mama mmoja akimkazia mwanawe macho kutoka kwenye kwaya, nikakukumbuka. Ulikuwa unanikaripia kutoka benchi la pili kwa midomo tu, bila sauti, na mimi nilikuwa naelewa kila neno. Hata viboko vingapi nilikuwa najua.

Mwanao,
Wilfred


Ngamiani, Tanga
24 Machi 2024

Mwanangu Wilfred,

Marahaba. Mafua yalipona siku hiyo hiyo ya Jumapili, asante. Simu yako ya kioo nimempa Queen, anaitumia kujipiga picha akiwa kwenye mizani ya unga. Usihuzunike, imepata mtu wa kuithamini.

Ati pande zote mbili. Kamba ninayoisokota ina pande mbili pia, na nikwambie kitu, anayeishika katikati huku inavutwa huwa anaungua viganja. Lakini kama meza umepewa, kaa.

Umeuliza watu wanakionaje chama. Wanakiona mara moja kwa mwaka, Mei Mosi, kikiwa kimekaa jukwaani chini ya turubai. Katibu wetu wa kanda ni Bwana Idarusi, mtu wa miwani ya jua hata ndani ya ofisi. Mwaka mzima tukimpigia yuko semina. Mei Mosi anatuletea fulana ambayo haivuki mafuo mawili, la tatu anaivaa mtoto wa jirani. Mwaka jana marehemu Safari wa idara ya marobota alipofariki, tuliambiwa shada la chama liko njiani. Liliwasili tumeshazika, tumeshanawa, tumeshamaliza chai. Bwana Idarusi akalitegemeza ukutani, akala sahani tatu za wali, akauliza marehemu alikuwa anaitwa nani. Hicho ndicho chama chetu.

Na hicho hicho, Wilfred, mwaka ule tulipokaa chini siku nne mashine zikiwa zimezimwa, ndicho kilichotupatia nyongeza. Wewe ulikuwa unaingia sekondari. Usijifanye hukumbuka sare zilitoka wapi.

Wanachama tuko zaidi ya nusu ya kiwanda, tumezidi kwa watu wapatao hamsini. Hilo ndilo linalotushika mkono. Sheria haimlazimishi mtu kujiunga. Asiyetaka anakatwa ada ya uwakala, maana nyongeza tukiipata inamfikia na yeye, na sijaona aliyewahi kuirudisha dirishani akisema hii si yangu, mimi si mwanachama. Lakini tukishuka chini ya nusu, mwajiri anatupa notisi ya miezi mitatu turudishe idadi. Tukishindwa, hatujadili naye tena, na hayo masikio yetu tutayapima kwa kuyavuta.

Haya nakuandikia wewe. Mimi nakisema chama changu kama nilivyokuwa nikimsema kaka yangu, baba yako, Mungu amrehemu. Mimi naruhusiwa. Mwingine akianza, namvua kilemba.

Shangazi yako,
Bertha


Dar es Salaam
14 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole na mvua, nimeona kwenye habari barabara ya Muheza ilivyojaa maji. Mimi naendelea vizuri. Nimenunua kabati na sasa nguo zangu zina adabu.

Nimesoma barua yako mara mbili. Unaandika vizuri shangazi, ungekuwa mwandishi wa magazeti. Ila niruhusu niseme kidogo, kwa heshima. Huoni kwamba unachokieleza ni ushahidi dhidi ya hicho hicho unachokitetea? Kama chama hakifai, kwa nini mtu akatwe hata shilingi kwa ajili yake? Huko Marekani majimbo zaidi ya ishirini yana sheria inayoitwa haki ya kufanya kazi. Mtu anaajiriwa bila kulazimika kukilipa chama chochote, awe mwanachama au asiwe. Anachagua mwenyewe, kama anavyochagua sabuni. Chama kikiwa kizuri watu watakuja. Kikiwa kibovu kife. Tulikuwa na semina ya siku tatu juu ya jambo hili na nilitamani ungekuwepo, ungewachangamsha.

Sisemi lolote juu ya kiwanda chenu. Nasema kwa ujumla tu.

Mwanao,
Wilfred


Ngamiani, Tanga
12 Mei 2024

Mwanangu Wilfred,

Marahaba. Sisi ni wazima. Barabara ya Muheza imekauka na machungwa yameanza kushuka, ningekutumia gunia ila kondakta angelipunguza njiani. Mei Mosi imepita. Fulana za mwaka huu ni za njano na zimeandikwa tarehe ya mwaka jana.

Nimeisoma semina yako. Haki ya kufanya kazi. Wilfred, mimi nimefanya kazi miaka thelathini na moja na hiyo haki sijanyimwa hata siku moja. Naamshwa saa kumi na moja kwenda kuitumia. Nilipofiwa na kaka yangu niliitumia kesho yake. Haki ninayonyimwa ni ya kukaa. Ni ya kwenda chooni bila kuinua mkono. Hizo mkizifanyia semina, niiteni.

Halafu sabuni. Sabuni ikiwa mbaya unanunua nyingine kwa Queen. Chama kikiwa kibovu unakivua Idarusi na kumweka mtu mwenye akili, na ukishindwa leo unajaribu uchaguzi ujao, kama ambavyo baba yako alipokuwa analewa hatukwenda dukani kununua baba mwingine. Kife, unasema. Aliyekufundisha kusema hivyo ana daktari wake wa kumpima masikio, nakuhakikishia.

Na hilo la "kwa ujumla tu" limenikaa vibaya. Wewe tangu utoto ukisema kwa ujumla huwa umevunja kitu.

Shangazi yako,
Bertha


Ngamiani, Tanga
30 Juni 2024

Wilfred,

Wiki saba hujaandika. Natumaini kiyoyozi hakijakuua.

Nakusimulia kilichotokea halafu nakuuliza swali moja. Wiki mbili zilizopita Zabron alisimama getini mwenyewe, na kitambi chake, akigawa kijikaratasi cha rangi mbili kwa kila aliyeingia zamu. Juu kimeandikwa UHURU WAKO, MSHAHARA WAKO. Ndani kimetueleza kwamba chama si lazima, kwamba tunaweza kujitoa, na kwamba wakijitoa watu wa kutosha, makato yote yatakwisha, ya wanachama na ya wasio wanachama. Nyuma kuna fomu ya kujitoa, tayari, unajaza jina tu. Masikio hayakutajwa popote.

Nilikisoma nikiwa nakidharau. Maneno ya kuchonga, nikasema, ya mtu asiyewahi kutoka jasho. Nikafika katikati. Kimeandikwa hivi: "Kwa nini uchangie chama ambacho fulana yake haivuki mafuo mawili? Kwa nini uchangie chama kinachofika na shada watu wakiwa wameshamaliza chai?"

Nilikaa kwenye robota. Elizabeti akadhani sukari imepanda.

Watu wamekipenda, Wilfred. Wamecheka. Wamesema aliyeandika anatujua. Arobaini wameshasaini, na wengine wamenipita mimi kwenye mlango bila kuniangalia usoni kwa aibu. Na mimi nitawajibu nini? Niseme si kweli? Ni kweli yote, nimeisema mimi, kwa mdomo wangu na kwa kalamu yangu, ila niliisema nyumbani.

Swali langu: nani aliyekiandika?

Bertha


Dar es Salaam
21 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya, kazi zimenizidi. Nilikuwa Mwanza wiki mbili, halafu Morogoro. Huko Mwanza nimekula samaki hadi nimechoka. Nafikiria kukutengenezea lile paa la jikoni mwaka huu, nimeshaongea na fundi mmoja wa Usagara, atakuja kupima. Itakuwa vizuri uweke na dari.

Juu ya kijikaratasi, ni vigumu kusema. Maneno ya aina hiyo yanasemwa na wafanyakazi sehemu nyingi nchini, karibu kila chama kina fulana na kila chama kina shada. Karatasi kama hizo kwa kawaida zinaandikwa na watu wengi kwa pamoja. Nakushauri usilichukulie jambo hili moyoni. Umebakiza miezi michache ustaafu. Pumzika shangazi. Waachie vijana wachague wenyewe.

Fundi anaitwa Rafaeli. Atakuja Jumamosi.

Mwanao,
Wilfred


Ngamiani, Tanga
4 Agosti 2024

Wilfred,

Fundi Rafaeli alikuja, akanywa chai, nikamrudisha Usagara. Sufuria yangu inakinga vizuri.

Umeandika kurasa mbili na swali langu umelizunguka kama mtu anayekwepa tope na kiatu kipya. Basi. Nimekuelewa kuliko kama ungejibu.

Wanaobaki kutuweka juu ya nusu hawafiki kumi. Tarehe ishirini na tatu tumeitiwa mkutano bwaloni, atakuja mtaalamu kutoka Dar kutueleza uhuru wetu, na fomu zitagawiwa hapo hapo na kalamu za bure. Zabron ameahidi soda. Kama unamfahamu mtaalamu huyo, mwambie mstari wa mbele nitakuwepo mimi.

Bertha


Dar es Salaam
8 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Ninaandika barua hii kwa mara ya nne.

Ndiyo, nilikuja. Ndiyo, karatasi ile niliiandika mimi, na maneno yalikuwa yako. Sikufikiri yatafika kiwandani kwenu. Hapana, nisiseme uongo tena, nilijua yatafika. Niliambiwa nitafute lugha ya watu wenyewe, na lugha ya watu wenyewe nilikuwa nayo kwenye droo, imefungwa na mpira.

Nyumbani sikuja kwa sababu nilikuwa kikazi na ningeonekana nina upande. Niliondoka na gari la ofisi jioni ile ile. Lakini shangazi, nilizungumza kwa heshima. Nakuomba unikubalie hilo. Sikumtukana mtu, sikukidhihaki chama. Dakika arobaini nzima sikusema neno moja baya kwenye kipaza sauti, na watu walikuwa wanatikisa vichwa kukubali, niliwaona.

Ndiyo maana sielewi. Kalamu zilikuwa mezani, fomu mikononi. Halafu ghafla zikarudi tupu. Bwana Zabron ananiambia kesho yake walijipanga ofisini kwake kudai hata zile za Juni. Ofisi yangu inasema lazima kuna niliyemvujishia mipango, na imenisimamisha hadi uchunguzi uishe. Sikumwambia mtu yeyote chochote. Ulisimama ukahutubia nilipoondoka? Uliwatisha? Niambie ulifanya nini.

Najuta shangazi. Sijui niliseme vipi hilo. Naomba nije Krismasi.

Wilfred


Ngamiani, Tanga
24 Novemba 2024

Wilfred,

Marahaba. Barua yako nimekaa nayo wiki kumi na moja. Sikuwa mgonjwa wala kalamu haikuisha wino. Nilikuwa sitaki.

Wa huku ni wazima. Elizabeti amepata mjukuu. Queen amevunja kioo cha simu yako na anaendelea kujipiga picha, anasema ufa unamtoa vizuri. Bwana Idarusi alikuja mwezi uliopita kupiga picha na ushindi wake, ndani ya miwani ile ile, na amenipa fulana. Nimeshaifua mara moja. Uchaguzi wa kanda ni mwakani na Elizabeti amechukua fomu.

Unauliza nilifanya nini. Sikufanya kitu. Nilikaa mstari wa mbele na kilemba changu cha kijani, kile ulichoninunulia kwa mshahara wako wa kwanza, nikakutazama. Dakika zako arobaini sikusikia hata neno moja. Usidhani ni hasira. Sisikii, Wilfred. Sikio la kushoto lilikufa mwaka juzi. La kulia linapokea radi na honi ya lori. Ndiyo maana nilitaka barua. Ndiyo maana simu yako aliibeba Queen na ulipokuwa unanipigia nilikujibu ndiyo, ndiyo, haya, nikakata kabla hujauliza lingine. Sikukwambia kwa sababu niliogopa ikijulikana kabla ya daktari watasema uziwi niliupata kwangu, kwa uzee. Na kidogo ni majivuno, sitakuficha. Sikupenda unihurumie.

Lakini midomo naisoma. Tunaisoma wote. Ukumbi wetu wa kusokota hauna sauti ya mtu tangu ulipojengwa, hata ukipiga yowe aliye pembeni yako hasikii. Msichana mpya akija anafundishwa midomo kabla hajagusa mashine. Tunasemeshana kutoka mwisho mmoja wa ukumbi hadi mwingine, tunaambiana nani kaachwa na nani kaposwa, na msimamizi anapita katikati yetu haelewi kitu. Wewe ulilijua hilo kuliko wote. Umelelewa nalo. Mwezi wa tatu uliniandikia mwenyewe kwamba kanisani ulikuwa unaelewa kila neno, hata idadi ya viboko. Halafu ukapewa meza na kiyoyozi ukasahau.

Ulipomaliza hotuba ulizima kipaza sauti. Ukakibofya tena kuhakikisha kimezimika. Mtu makini. Kisha ukamwinamia Zabron pale meza kuu, fomu zikiwa zinagawiwa, ukaongea taratibu kwa midomo iliyofunguka vizuri. Hiyo ni kazi yangu, nilikukataza kumung'unya maneno. Wanawake hamsini na wawili, wengi wao wanaokujua tangu utoto wako, walikuwa wanakutazama.

Ulisema, "Watasaini. Hawa hawasomi karatasi, wanaangalia makato tu."

Ulisema, "Hiyo ya masikio ndiyo ghali. Mkataba ukifa kabla ya Desemba hampimi mtu. Wazee watastaafu, waende na uziwi wao."

Zabron akakuuliza, "Na yule mama wa kilemba cha kijani, mbona anatutolea macho?"

Ukanitazama. Tulitazamana, Wilfred, kama mimi na wewe kanisani. Ukasema, "Simjui."

Elizabeti akanishika goti. Kisha akaweka kalamu chini na kufunga soda yake kwa kizibo, hata hakuinywa. Aliyekaa nyuma yake akaweka yake, na wa nyuma yake. Wanaume wa marobota, ambao hawajui midomo, walituangalia tu, wakaona tunaweka, wakaweka. Wewe ulikuwa unakusanya nyaya za kipaza sauti.

Nilidhani wamefanya vile kwa ajili ya masikio. Nilimwambia Elizabeti njiani tukirudi. Akasimama nione mdomo wake vizuri, akasema hapana, masikio yalikuwa sababu ya pili.

Kwa hiyo hukumvujishia mtu yeyote. Waambie hao wa ofisini kwako wafunge uchunguzi. Ulisema mwenyewe mbele ya watu, mchana.

Daktari wa nje alikuja wiki iliyopita. Ametuweka mmoja mmoja kwenye kijichumba na kutuvisha vidude masikioni. Wengi wameharibika kuliko tulivyodhani, hata wasichana wa miaka mitatu kazini. Juu yangu aliandika ukurasa mzima, nami nilitia sahihi kwa raha kama naolewa. Kuanzia Jumatatu niko kwenye kufungasha, kwenye utulivu, ambao kwangu mimi sasa ni sawa na kelele.

Unaomba kuja Krismasi. Nimekudharau, Wilfred, nimekudharau mpaka nimechoka, asubuhi naamka nimepunguza na jioni imerudi. Nakwambia ujue unakuja kwa nani. Lakini njoo. Usilete simu. Usimlete fundi. Ukifika utakaa kile kiti cha dirishani, uelekee nje, mwanga ukupige usoni, na hayo ya kujuta uyaseme upya polepole bila kuweka mkono mdomoni. Kwenye karatasi unaandika vizuri mno, siku hizi siwezi kujua lipi ni lako na lipi umelitoa kwenye droo ya mtu. Nataka niyaone yakitoka.

Ni mimi, yule wa kilemba cha kijani,
Bertha